Kutoka Kuibua Vipaji hadi Kulea Wachezaji: Mifumo ya Soka ya Vijana na Pengo la Kati katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mifumo ya soka ya vijana inavyozalisha wachezaji wa kiwango cha juu, na yanaihoji dhana iliyomo katika msemo "kuibua vipaji" unaotawala mijadala ya michezo katika Afrika Mashariki. Kwa kutumia mifano ya Ujerumani, Ufaransa na Senegal, makala yanaonyesha kwamba mchezaji mahiri hapatikani kwa tukio moja la kuteuliwa, bali hulelewa kwa takribani miaka kumi ndani ya mnyororo wa mazoezi, mechi, shule na kumbukumbu. Yanaonyesha pia kwamba kanda yetu haikosi vijana wanaofaa kuteuliwa wakiwa na miaka 17. Inachokosa ni daraja la kuwavusha kutoka umri huo hadi soka ya watu wazima. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu mechi za vijana, kumbukumbu za usajili, na nafasi ya Kiswahili katika mafunzo ya walimu wa soka.

1.0 Utangulizi

Mwezi Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, kupitia ombi lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja. Mwezi Agosti 2025 nchi hizo hizo tatu ziliandaa fainali za Ubingwa wa Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani. Ni kawaida kwamba matukio ya aina hii huelekeza mjadala wa umma kwenye viwanja, barabara na hoteli, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu vinavyokaguliwa na vinavyoonekana. Swali la nani atakayecheza katika viwanja hivyo miaka kumi baada ya wageni kuondoka halina mkaguzi.

Swali hilo linapoulizwa, jibu huja haraka na kwa maneno yale yale: tuibue vipaji. Msemo huu umo katika hotuba, katika mipango ya halmashauri, katika vichwa vya habari na katika maandiko ya wafadhili. Makala haya yanashikilia kwamba msemo huo, pamoja na nia njema iliyomo ndani yake, unataja sehemu ndogo na rahisi ya kazi na kuificha sehemu kubwa na ngumu. Kumwona mtoto anayecheza vizuri ni kazi ya siku moja. Kumfikisha mtoto huyo kwenye kiwango cha juu akiwa na miaka 22 ni kazi ya mfumo.

Ili kuitetea hoja hiyo, makala yanaanza na msamiati wenyewe, kisha yanaeleza mifumo mitatu ambayo matokeo yake yanajulikana. Baada ya hapo yanajadili suala la umri, hali ya kanda yetu, fedha zinazotokana na malezi ya wachezaji, na mwishowe lugha inayotumika katika uwanja wa mazoezi.

2.0 Msamiati wa Kipaji na Mantiki Yake

Maneno kipaji na kipawa yote mawili yana asili katika kitenzi -pa. Kipaji ni kitu ambacho mtu amepewa. Mantiki ya neno ni kwamba mtoaji amekwisha kutoa. Kilichotolewa kimekamilika, na aliyepewa anacho au hana. Vitenzi vinavyoandamana na nomino hii vinaikamilisha picha hiyo. Kuibua ni kukileta juu kitu kilichokuwa kimezama. Kusaka ni kuwinda. Katika vyote viwili, kinachotafutwa kipo tayari, na sifa humwendea aliyekiona. Haishangazi basi kwamba mpango unaoandikwa kwa vitenzi hivi huishia kuwa siku ya majaribio, kombe la majuma mawili, au ziara ya msakaji kutoka nje.

Neno talanta, lililoenea zaidi nchini Kenya, lina historia tofauti. Lilitufikia kupitia Biblia, ambamo talanta ni kiasi cha fedha. Katika mfano unaojulikana sana wa Injili, watumwa wanakabidhiwa talanta ili wazizalishe, na anayelaumiwa ni yule aliyeifukia yake ardhini. Kwa asili yake, basi, talanta ni mtaji unaodai kazi. Maana hiyo imefifia katika matumizi ya leo, ambapo talanta na kipaji hubadilishana nafasi bila tofauti yoyote, lakini inafaa kukumbushwa.

Kiswahili hakikosi maneno ya mantiki ya pili. Tunaye chipukizi, ambaye kama mmea mwingine wowote huhitaji maji na palizi. Tunavyo vitenzi kulea, kukuza na kufunza. Zaidi ya hayo, nchini Tanzania wachezaji wengi humwita kocha wao "mwalimu", na magazeti ya Kenya humwita "mkufunzi". Lugha ya uwanjani yenyewe, kwa hiyo, inakiri kwamba kinachofanyika pale ni elimu. Wafaransa hulitumia neno formation kwa malezi ya wachezaji kama walitumiavyo kwa mafunzo ya mafundi na wauguzi. Wajerumani huwaita vijana hao Nachwuchs, yaani kile kinachokua kukifuata kilichotangulia.

Hatudai kwamba maneno hujenga viwanja. Tunachodai ni kwamba maneno huamua kitakachohesabiwa. Mpango wa kuibua vipaji hutoa ripoti ya idadi ya watoto walioonekana. Mpango wa kulea wachezaji ungelazimika kutoa ripoti ya idadi ya watoto waliobaki, mwaka wa pili, wa tano na wa nane.

3.0 Mifumo Mitatu na Jinsi Inavyofanya Kazi

3.1 Ujerumani: Upana wa Msingi

Katika fainali za Ulaya za mwaka 2000, Ujerumani iliondolewa katika hatua ya makundi ikiwa ya mwisho katika kundi lake, na pointi moja tu. Kuanzia mwaka 2001 klabu za ligi kuu zilitakiwa kuwa na vituo vya kulea vijana kama sharti la leseni ya kushiriki ligi. Sharti hilo likafika pia kwa klabu za daraja la pili. Klabu isiyo na kituo, walimu waliohitimu na utaratibu wa shule haikuweza kupewa leseni, hata kama timu yake ya kwanza ilikuwa na nguvu kiasi gani.

Hatua ya pili haikuzihusu klabu kubwa. Mwaka 2002 Shirikisho la Soka la Ujerumani lilianzisha mtandao wa vituo vya mazoezi zaidi ya 350 katika nchi nzima. Mtoto aliye katika klabu ndogo ya kijijini aliendelea kuichezea klabu yake, lakini mara moja kwa juma alifanya mazoezi ya ziada katika kituo cha jirani, chini ya mwalimu aliyelipwa na shirikisho. Lengo lilikuwa kuwafikia watoto ambao klabu kubwa hazikuwaona, na kuwafikia tena mwaka uliofuata, kwa sababu anayeachwa akiwa na miaka 11 anaweza kuwa bora akiwa na miaka 14.

Matunda hayakuja upesi. Mwaka 2009 Ujerumani ilitwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana wa chini ya miaka 21. Katika kikosi kile walikuwamo Manuel Neuer, Mats Hummels, Jérôme Boateng, Benedikt Höwedes, Sami Khedira na Mesut Özil. Wote sita walikuwamo katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia nchini Brazil mwaka 2014. Kutoka sharti la leseni hadi kombe ni miaka 13. Hakuna bunge wala baraza la michezo linalofurahia muda wa namna hiyo, lakini ndio muda halisi wa kazi yenyewe.

Mfano huu una fundisho la pili. Ujerumani iliondolewa katika makundi ya Kombe la Dunia la 2018 na tena la 2022. Shirikisho halikuudhani mfumo wake kuwa umekamilika. Liliurudia msingi, na kuanzia msimu wa 2024/25 likaufanya kuwa wa lazima utaratibu wa watoto wadogo kucheza katika timu za wachezaji wachache na viwanja vidogo, ili kila mtoto auguse mpira mara nyingi zaidi. Mfumo ni kitu kinachokaguliwa na kurekebishwa.

3.2 Ufaransa: Hatua ya Kati

Kituo cha Clairefontaine, kusini-magharibi mwa Paris, kilifunguliwa mwaka 1988. Umaarufu wake umetokana na majina ya waliopita pale, wakiwamo Thierry Henry, Nicolas Anelka, Blaise Matuidi na Kylian Mbappé. Linalotuhusu zaidi ni muundo wake. Programu yake iliyojulikana zaidi imewahusu wavulana wa miaka 13 hadi 15 wa eneo la Paris. Kwa siku za shule hukaa kituoni, husoma na kufanya mazoezi. Mwisho wa juma hurudi nyumbani na kuzichezea klabu zao za mtaani.

Mpangilio huu unatatua matatizo matatu kwa pamoja. Kwanza, unaihusu miaka ambayo mwili hubadilika na mazoea ya kiufundi bado hurekebishika. Pili, haumtoi mtoto katika familia na klabu yake kabisa. Mbappé aliendelea kuwa mchezaji wa AS Bondy, klabu ya kitongoji chake, alipokuwa kituoni. Tatu, haumfanyi mtoto kuwa mali ya klabu kubwa mapema mno. Baada ya miaka hiyo ndipo hatua inayofuata huja, yaani kituo cha klabu ya kulipwa. Kila hatua inajua ni nani aliyetangulia na ni nani atakayepokea.

3.3 Senegal: Chuo Kinachocheza Ligi

Huenda msomaji akasema kwamba Ujerumani na Ufaransa ni nchi tajiri na mfano wake hautufai. Senegal inajibu pingamizi hilo. Génération Foot ilianzishwa mwaka 2000, na baadaye ikaingia ubia na klabu ya FC Metz ya Ufaransa. Diambars ilianzishwa mwaka 2003 na kuweka makao yake Saly, ikiwa na msimamo kwamba masomo na mpira havitenganishwi. Sadio Mané, aliyezaliwa katika kijiji cha Bambali kusini mwa nchi, alipitia Génération Foot kabla ya kwenda Metz mwaka 2011. Ismaïla Sarr na Pape Matar Sarr walifuata njia hiyo hiyo.

Sifa ya Génération Foot inayostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba haikubaki kuwa shule ya mpira. Ilisajiliwa kama klabu, ikapanda madaraja, na ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Senegal mwaka 2017 na 2019. Kijana wa miaka 18 wa chuo kile hakungoja mashindano ya mwaka. Alikutana na watu wazima juma baada ya juma, katika viwanja vibovu na vizuri, akishinda na kushindwa kwa mambo yenye uzito.

Kati ya Februari 2022 na Mei 2023, Senegal ilitwaa mfululizo Kombe la Mataifa ya Afrika, ubingwa wa wachezaji wa ligi za ndani, ubingwa wa chini ya miaka 20 na ubingwa wa chini ya miaka 17. Mtu anaweza kuita kombe moja bahati. Makombe manne ya ngazi nne tofauti katika miezi kumi na sita ni ushahidi wa mnyororo.

4.0 Umri, Ukomavu na Hatari ya Kuteua Mapema

Tangu miaka ya 1980, watafiti walioanzia mchezo wa magongo ya barafuni nchini Kanada wameonyesha jambo ambalo baadaye limethibitishwa mara nyingi katika soka. Pale ambapo watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka huteuliwa kwa wingi kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho. Sababu ni nyepesi kueleweka. Katika kundi la miaka 12, aliyezaliwa Januari amemzidi aliyezaliwa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa kukua. Mteuzi humwona mwenye mbio na nguvu, akadhani ameona kipaji, kumbe ameona tarehe ya kuzaliwa. Aliyeteuliwa hupata mwalimu bora na mechi ngumu, na baada ya miaka mitatu huwa bora kweli. Kosa la mteuzi hujigeuza kuwa kweli.

Kwa sababu hiyo baadhi ya mashirikisho hujenga kinga. Ubelgiji, kwa mfano, imekuwa na timu za taifa za vijana zilizotengwa kwa wale wanaochelewa kukomaa kimwili, ili wasipotee kabla miili yao haijawafikia wenzao. Inapendeza kukumbuka kwamba Kylian Mbappé alizaliwa tarehe 20 Desemba na Mbwana Samatta tarehe 23 Desemba. Watu wawili hawaivunji takwimu, lakini wanatukumbusha ni nani wanaoweza kupotea mlangoni.

Katika Afrika suala hili lina uso mwingine, nao ni udanganyifu wa umri. Kwa kawaida hujadiliwa kama kosa la kimaadili, na FIFA ilianza kutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la mwaka 2009. Kwa mtazamo wa mfumo, hata hivyo, madhara yake ni makubwa zaidi ya kombe lililopatikana isivyo halali. Kijana wa miaka 20 anayecheza kama wa miaka 17 huchukua nafasi ya kijana halisi wa miaka 15 au 16, na huichukua katika miaka ile ile ambayo huyo mdogo alihitaji mechi. Taifa linalodanganya umri linajiibia lenyewe.

5.0 Pengo la Kati katika Afrika Mashariki

Je, tatizo letu ni uhaba wa vijana wenye uwezo? Kumbukumbu za karibuni zinakanusha. Rwanda iliandaa ubingwa wa Afrika wa chini ya miaka 17 mwaka 2011, ikafika fainali na kufuzu Kombe la Dunia la umri huo nchini Meksiko. Wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022. Wasichana wa Kenya wa umri huo huo walifuzu fainali za 2024 katika Jamhuri ya Dominika. Vijana wa Uganda walicheza fainali ya Afrika ya chini ya miaka 20 mwaka 2021, na wale wa chini ya miaka 17 walifuzu Kombe la Dunia la 2025 nchini Qatar. Nchi nne zimewahi kufika huko, kila moja kwa kizazi chake.

Hata hivyo, timu ya wakubwa ya Rwanda, iliyocheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004, haikuwa imefuzu tena kufikia fainali za 2025. Kizazi cha 2011 kilikuwa na uwezo wa kufika Meksiko kikiwa na miaka 17. Hakikuwa na uwezo wa kuifikisha timu ya taifa mahali hapo kikiwa na miaka 24. Kati ya umri huo na huo ndipo kilipo kile ambacho makala haya yanakiita pengo la kati.

Pengo hilo lina sura inayojulikana. Chini kabisa tuna utajiri mkubwa: chandimu mitaani, soka ya mchangani, na mashindano ya shule. Nchini Tanzania, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hukusanya wanafunzi kutoka mikoa yote. Juu tuna ligi kuu zenye mashabiki wengi na usajili wa wachezaji wa kigeni. Katikati njia ni nyembamba. Mashindano ya shule huanza na kwisha ndani ya majuma machache. Mwanafunzi aliyeng'ara hurudi shuleni kwake, na mwaka unaofuata huenda amekwisha kumaliza masomo. Klabu kubwa, inayodaiwa ushindi kila Jumamosi, humwona kijana wa miaka 18 kama hatari, nayo humsajili mtu mzima aliyefunzwa kwingine.

Safari ya Samatta inaeleweka vizuri zaidi katika mwanga huu. Alitoka Dar es Salaam kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akiwa na miaka 18. Alikaa huko hadi mwanzoni mwa 2016. Katika miaka hiyo alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 na kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa wa nchi hiyo mwaka 2019, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Simulizi za umma humtaja kama kipaji kilichoibuka. Ukweli ni kwamba alipata daraja: klabu ya jirani, katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya kila siku, iliyompa miaka mitano ya mechi ngumu za kimataifa. Vijana wangapi wa rika lake walikuwa na miguu kama yake lakini hawakupata Lubumbashi?

Mifano ya kuziba pengo ipo pia nyumbani. Shirika la MYSA, lililoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987, lilianza na ligi za watoto zilizounganishwa na usafi wa mazingira, ambapo timu zilipata pointi kwa kusafisha mitaa. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, yaani ngazi ya juu ya ngazi zile zile, na mwaka 2008 klabu hiyo ikawa bingwa wa Kenya. Uganda nayo ina ligi ya vijana inayozihusisha timu za vijana za klabu za ligi kuu. Kwa hiyo, ujuzi wa kuunganisha ngazi haujakosekana katika kanda. Umekosa kufanywa sheria.

6.0 Kumbukumbu na Fedha za Malezi

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinayo mambo matatu ambayo kila mshauri wa sera anapaswa kuyajua. La kwanza, uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa masharti machache. Maana yake kwetu ni nzito: miaka ya 12 hadi 18, ambayo ndiyo miaka ya malezi, lazima ipatikane nyumbani. Hakuna chuo cha Ulaya kitakachotufanyia kazi hiyo.

La pili ni fidia ya mafunzo. Klabu zilizomfunza mchezaji kati ya miaka 12 na 21 hustahili malipo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na anapohama kimataifa hadi mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. La tatu ni mchango wa mshikamano: mchezaji anapohama kimataifa kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa kalenda wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila mwaka, kuanzia ule wa kutimiza miaka 12 hadi wa miaka 15, hupata asilimia 5 ya fungu hilo, na kila mwaka kuanzia wa miaka 16 hadi wa miaka 23 hupata asilimia 10.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mchezaji akiuzwa kwa euro milioni 10, fungu la mshikamano ni euro 500,000. Klabu ndogo iliyomlea tangu miaka 12 hadi 15 inastahili euro 100,000. Kwa klabu ya Bukavu, Gitega au Mbale, hicho ni kiwanja, mipira na mishahara ya walimu kwa miaka kadhaa.

Fedha hizo haziji kwa huruma bali kwa ushahidi. Tangu Novemba 2022 FIFA hutumia chombo maalumu cha kukusanya na kugawa malipo haya, nacho hutegemea pasi ya kielektroniki ya mchezaji inayotokana na kumbukumbu za usajili za mashirikisho ya nchi. Mtoto aliyecheza miaka minne katika timu ya mtaa isiyosajiliwa, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakulelewa na mtu yeyote. Vivyo hivyo kwa shule: walimu wake wanaweza kuwa ndio waliomfunza kila kitu, lakini haki hizi ni za klabu zilizosajiliwa. Karatasi ya usajili ya mtoto wa miaka 12, inayoonekana kuwa urasimu tu, ndiyo inayoamua kama malezi yatajilipia au yataendelea kuwa sadaka.

7.0 Lugha ya Uwanja wa Mazoezi

Limebaki suala ambalo taaluma yetu ya Kiswahili ina wajibu wa moja kwa moja kwalo. Mfumo wa malezi huishi katika maneno ambayo mwalimu humwambia mtoto, siku tatu au nne kwa juma, kwa miaka kumi. Maneno hayo ni ya lugha gani, na yanamfundisha nini?

Kiswahili cha soka kina utajiri mkubwa katika rejista moja, nayo ni ile ya utangazaji. Watangazaji na waandishi wametupa kiungo mkabaji, shambulizi la kushtukiza, kukaba juu, mpira uliokufa na mengine mengi, na hadhira kutoka Mombasa hadi Kigoma huyaelewa. Lakini utangazaji hueleza kilichotokea. Ufundishaji huhitaji maneno ya kinachopaswa kufanyika kabla hakijatokea. Tendo la mchezaji kugeuza kichwa na kusoma nafasi zilizo nyuma yake kabla mpira haujamfikia ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo vituo vya kisasa humfunza mtoto. Kwa Kiswahili mwalimu hulieleza kwa sentensi nzima, kila mmoja kwa namna yake. Ndivyo ilivyo kwa mwelekeo wa mwili wakati wa kupokea mpira, na kwa tofauti kati ya kasi ya miguu na kasi ya uamuzi. Jambo lisilo na jina la pamoja ni vigumu kulipanga katika mtaala na vigumu zaidi kulipima.

Kuna pia suala la dhamira ya kitenzi. "Piga!", "toa!", "rudi!" ni vitenzi vya amri, vinamtaka mtoto atii uamuzi ambao mwalimu amekwisha kuufanya. "Umeona nini kabla ya kupokea?" ni swali, linamtaka mtoto aeleze uamuzi wake mwenyewe. Malezi ya kisasa ya wachezaji yameegemea sana upande wa pili, kwa kuwa ndani ya mechi mwalimu hawezi kuwaamulia wachezaji kumi na mmoja. Lakini mwalimu aliyefunzwa kwa lugha ya kigeni, kwa istilahi alizozikariri ili kufaulu mtihani wa leseni, hukosa maneno ya kuulizia anaposimama mbele ya watoto, naye huishia kwenye amri. Kisha hudhaniwa kwamba hana ujuzi, hali anachokosa ni lugha ya kuupitisha.

Mwaka 2022 Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na kinatumika katika nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa viwango tofauti. Hakuna eneo lingine barani lenye uwezekano mwepesi kiasi hiki wa kuwa na mwongozo mmoja wa walimu wa soka ya vijana, unaoeleweka Bujumbura, Lubumbashi, Kampala na Zanzibar. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na makocha peke yao wala na wanaisimu peke yao.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba mifumo inayozalisha wachezaji mahiri hutofautiana kwa utajiri na muundo, lakini inafanana katika jambo moja: kila ngazi imeunganishwa na inayofuata, na hakuna mwaka wa maisha ya kijana, kutoka 12 hadi 21, usio na mwenye dhamana. Ujerumani iliuweka mwungano huo katika sharti la leseni, Ufaransa katika programu ya miaka ya kati, na Senegal katika vyuo vilivyogeuka klabu za ligi. Kanda yetu ina mwanzo mpana na mwisho wenye kelele, lakini katikati pana mwanya.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwanza kwamba leseni ya klabu za ligi kuu ifungamanishwe na timu halisi za vijana zinazocheza msimu mzima, na kwamba mashindano ya shule yawe mlango wa kuingilia katika timu hizo badala ya kuwa mwisho wa safari. Pili, mashirikisho yasajili watoto na timu zao ndogo tangu miaka 12, bila ada inayowafukuza, kwa sababu kumbukumbu hizo zinalinda umri halisi na kuzipatia klabu haki zao. Tatu, uteuzi wa kila umri urudiwe kila mwaka na utenge nafasi za wanaochelewa kukomaa. Nne, mabaraza na vyama vya Kiswahili vya kanda vishirikiane na mashirikisho kuandaa istilahi na mwongozo wa mwalimu wa soka ya vijana.

Pendekezo la mwisho halina gharama. Ripoti za miradi ya soka ya vijana ziache kuishia na idadi ya vipaji vilivyoibuliwa. Ziseme, katika safu ya pili, ni wangapi kati ya walioteuliwa miaka mitano iliyopita ambao bado wanacheza, wako klabu gani, na wanafunzwa na nani. Safu hiyo ikibaki tupu, wafadhili na wizara watakuwa wamejua mahali pa kuanzia kazi.